Akili mnemba tuipe kazi ipi kwanza: kutoa mawazo, kuchagua, au kutengeneza tangazo?

Kwenye kikao cha Jumatatu bosi alisema sentensi moja, "Na sisi tuingie huko kwenye akili mnemba," kisha akatoka kupokea simu. Tukabaki watano mezani, kila mtu na lake kichwani. Wa mauzo alikwishaliona tangazo la video. Wa uzalishaji alikwishaunusa mchanganyiko mpya. Mhasibu aliona ankara. Kampuni yetu ni ndogo: tunapaki viungo hapa Dar es Salaam, vya pilau, vya mchuzi, vya chai, na kwa mwaka tukitoa bidhaa mpya mbili tumejitahidi. Hela ya kujaribu ilikuwepo, ila ya jambo moja kwa wakati mmoja.

Ulinganisho huu ni wa mtu aliyeachwa kwenye kikao kama kile. Silinganishi programu kwa programu, maana hizo hubadilika kila baada ya miezi michache. Ninacholinganisha ni nafasi. Kitu kipya kinapita hatua tatu kabla ya kufika dukani: watu wanatoa mawazo, wanachagua moja, halafu wanatengeneza kile mteja atakachokiona, yaani lebo, picha na tangazo. Mashine, yaani hiyo akili mnemba, inaweza kukaa popote kati ya hapo, lakini haikai sawa. Nami nautoa msimamo wangu mapema: anza na mawazo. Kampuni nyingi zinaanzia mwisho, kwenye tangazo, kwa sababu tangazo ndilo bosi analoliona.

Mawazo: wingi upo, ila jirani naye anao huohuo

Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vya Wharton na Cornell Tech, Marekani, walichukua mawazo 200 ya bidhaa yaliyotolewa na wanafunzi darasani kabla ChatGPT, programu ya akili mnemba unayoiandikia ikakujibu, haijatoka. Sharti lilikuwa bidhaa ya kuwauzia wanafunzi wa chuo, bei isizidi dola 50. Wakaiomba GPT-4, mashine iliyo nyuma ya ChatGPT, mawazo mengine 200 kwa sharti hilohilo, kisha wakawauliza watu wa kawaida kama wangenunua. Katika mawazo 40 yaliyoongoza, 35 yalikuwa ya mashine. Matokeo haya yaliwanyima usingizi watu wengi wanaolipwa kwa kukaa kwenye vikao vya ubunifu.

Tulijaribu kwa kipimo chetu. Tulitaka jina la viungo vipya vya chai ya maziwa. Kwa kikao cha kawaida, saa nzima huleta majina tisa hivi, na manne kati ya hayo ni ya mtu mmoja anayependa kusikika. Mashine ilitoa 80 kabla chai yenyewe haijapoa. Mengi yalikuwa makapi, lakini katika 80 ukipata sita ya kubishania umeshatoka na faida. Tukachagua moja, lenye neno "asili" na neno "ladha" ndani yake, tukampelekea fundi anayetuchapia lebo. Akaliangalia, akacheka. "Kaka, hili nimelichapa wiki iliyopita. La mteja mwingine, wa asali." Si jina lilelile herufi kwa herufi, lakini ukiyaweka mawili hayo kwenye rafu moja utadhani ni ndugu.

Hapo ndipo penye tatizo la nafasi hii. Mwaka 2024 Anil Doshi na Oliver Hauser walichapisha kwenye jarida la Science Advances jaribio la waandishi wapatao 300 waliotunga hadithi fupi. Waliopewa mawazo na mashine walitunga hadithi zilizopendwa zaidi na wasomaji, na waliofaidika kuliko wote ni wale ambao kwa kipaji walikuwa nyuma. Ila hadithi zao zilifanana zaidi kuliko za wale walioandika peke yao. Mmoja mmoja kila mtu alipanda. Kwa pamoja wakawa kama wanakwaya waliovaa sare. Kwa kampuni hilo si jambo dogo. Chapa inaishi kwa kutofanana, na mshindani wako ana akaunti ya dola 20 kwa mwezi kama uliyonayo wewe.

Dawa tuliyoipata ni ya kizamani. Kabla mtu hajafungua kompyuta, kila mmoja anaandika mawazo yake matano kwenye karatasi, kimya, dakika kumi. Kisha karatasi hizo ndizo zinazolishwa mashine, pamoja na masharti ambayo jirani hana: wateja wetu wengi ni mama lishe wanaonunua pakiti ndogo, chai yao huchemshwa na maziwa kwenye sufuria moja, na jina lazima liitike vizuri likipigiwa kelele sokoni. Majina yakaanza kuwa na sura. Mawili yaliyobaki mpaka mwisho yalitoka kwenye karatasi ya dereva, mashine ikayanyoosha tu.

Ukitaka kuona kampuni kubwa zinavyokwepa kufanana, tazama wanavyolisha mashine kitu ambacho hakuna mwingine anacho. McCormick, jabali la viungo la Marekani, walitangaza mwaka 2019 kwamba wanatunga michanganyiko kwa kushirikiana na IBM, kampuni ya kompyuta, na mashine yao ilikula kumbukumbu za ladha za zaidi ya miaka 40 walizokusanya wenyewe. Huko Chile, kampuni ya NotCo ina programu inayoitwa Giuseppe, inayotafuta mimea ya kuiga ladha ya maziwa na nyama. Maziwa yao ya mimea yana nanasi na kabichi. Nanasi na kabichi! Hakuna mpishi aliyekaa kikaoni angelitamka hilo bila kuchekwa, na hiyo ndiyo faida ya mashine kwenye nafasi hii: haina aibu.

Sisi hatuna kumbukumbu za miaka 40. Tuna daftari la malalamiko ya wateja, na hata hilo lilitusaidia zaidi kuliko maagizo marefu ya kuiandikia mashine tuliyonakili mtandaoni. Tahadhari moja tu. Ukimpa mashine siri, umeitoa nje ya nyumba. Samsung waliligundua hilo mwaka 2023, wafanyakazi wao walipobandika msimbo wa programu za kampuni kwenye ChatGPT ili wasaidiwe. Kampuni ikapiga marufuku zana za aina hiyo kwenye vifaa vyake. Vipimo vya mchanganyiko wetu wa pilau havijawahi kuandikwa kwenye kompyuta ya mtu yeyote, na havitaandikwa.

Kuchagua: hapa ndipo inapodanganya kwa adabu

Baada ya mawazo kuwa mengi, kishawishi kinachofuata ni kuiambia mashine: haya, chagua. Tulifanya hivyo na michanganyiko 12 ya chai. Ikatupangia kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, kila mmoja na sababu zake, zimeandikwa kama ripoti ya mshauri anayelipwa kwa dola. Wa kwanza ulikuwa na tangawizi, iliki na ukwaju, kwa hoja kwamba ukwaju "unabeba utambulisho wa pwani". Tukampelekea mama anayesimamia wachambuaji wa viungo, tunayemwita Bi Mkubwa, ambaye pua yake ndiyo maabara yetu. Alisoma mstari wa kwanza akaishia hapo.

"Ukwaju kwenye maziwa? Mwanangu, yatakatika hata hayajafika mezani."

Kila mtu aliyewahi kuchemsha chai anajua hilo. Na mashine ukiiuliza moja kwa moja inalijua pia. Ila kwenye kupanga na kusifia, ililisahau, na lugha yake haikutetereka hata kidogo.

Jambo hili limepimwa kwa watu wenye digrii nyingi kuliko sisi. Mwaka 2023 watafiti wa Harvard na wenzao waliwatumia washauri 758 wa Boston Consulting Group, kampuni kubwa ya ushauri wa biashara. Kwenye kazi ya kubuni kiatu kipya kwa wateja ambao soko limewasahau, waliotumia GPT-4 walifanya kazi nyingi zaidi kwa asilimia 12, haraka zaidi kwa asilimia 25, na ubora ukapanda kwa zaidi ya asilimia 40. Kundi lingine la washauri hao likapewa kazi ya pili: soma takwimu, soma mahojiano ya viongozi wa kampuni, useme ni biashara ipi ya kuwekewa nguvu. Wasiotumia mashine walipatia kwa asilimia 84. Waliotumia walishuka mpaka kati ya 60 na 70. Kampuni ileile, mashine ileile. Kilichobadilika ni kwamba kazi ya kwanza ilikuwa kuzaa na ya pili kuamua.

Si kwamba mashine haiwezi kuchagua kamwe. Mwaka 2020 timu ya MIT ilitangaza dawa ya kuua bakteria waliyoiita halicin. Walikuwa wameifundisha modeli, yaani mashine inayojifunza kwa mifano, kwa molekuli zaidi ya elfu mbili, ikajifunza zipi zinazuia bakteria aina ya E. coli kukua, halafu wakaipitisha kwenye orodha ya dawa elfu kadhaa zilizokwisha kufanyiwa utafiti kwa magonjwa mengine. Ikachomoa moja iliyokuwa imechunguzwa kwa ajili ya kisukari, ambayo kwa umbo haifanani na antibiotiki za kawaida. Tofauti na chai yetu ni kipimo. Bakteria amekufa au hajafa, na maabara inakuambia kesho yake. Kwenye jina, ladha, picha na mzaha wa tangazo hakuna kipimo cha hivyo. Kuna watu, na watu inabidi uwaulize wenyewe.

Kwa hiyo kanuni ninayoitumia hapa ni fupi. Kama una jaribio la bei rahisi linaloweza kuikosoa mashine wiki hiyohiyo, iache ichague. Kama huna, ifanye karani: ipange orodha, itoe marudio, itaje kasoro za kila wazo. Kuhusu kasoro imetusaidia sana. Ukiiambia "nipe sababu tano za wazo hili kufeli" inafanya kazi nzuri kuliko ukiiuliza lipi zuri, na haiogopi kumkera bosi.

Kutengeneza: nafasi yenye kelele

Tuje kwenye kipenzi cha bosi. Novemba 2024 Coca-Cola walilirudia kwa akili mnemba tangazo lao la Krismasi la mwaka 1995, lile la msafara wa malori mekundu yenye taa. Wasanii na watu wa matangazo waliwaka. Watazamaji wakaanza kutaja kasoro, ikiwemo magurudumu ya malori yanayoteleza barabarani bila kuzunguka. Lakini System1, kampuni inayopima matangazo kwa watazamaji wa kawaida, ililipa alama za juu kabisa, na mwaka uliofuata Coca-Cola wakarudia mtindo uleule. Kwa hiyo anayekuambia kwamba tangazo la mashine lazima life sokoni hajatazama vizuri. Ila Coca-Cola wana uwezo wa kumeza mwezi mzima wa lawama. Sisi tuna wateja ambao wakicheka pakiti mara moja, wauza duka wanairudisha.

Sasa linganisha na Heinz, mwaka 2022. Waliiomba DALL-E 2, programu ya akili mnemba ya kuchora, ichore ketchup, bila kutaja Heinz popote. Ikatoa chupa zenye umbo na lebo zinazofanana na za Heinz, wakazifanya kampeni: hata mashine inajua ketchup ni sisi. Angalia kilichotumika hapo. Ule ugonjwa wa kufanana nilioulalamikia juu ndio walioufanya ujumbe. Wazo lilikuwa la binadamu, na mashine ikawa shahidi. Kwa maoni yangu hiyo imebaki kuwa kampeni yenye akili kuliko zote za aina hii, na gharama yake ya picha ilikuwa kiduchu.

Mfano mwingine hauna hata modeli kubwa ndani yake. Mwaka 2017 Nutella waliuza Italia makopo milioni 7, kila kopo na lebo isiyofanana na nyingine, programu ikichanganya michoro na rangi zilizoandaliwa na wabunifu. Mipaka iliwekwa na watu, wingi ukaachiwa mashine. Kwa kampuni inayoogopa aibu, hapo ndipo pa kuanzia kwenye nafasi hii.

Sisi hatukuanzia hapo. Kijana wetu wa dizaini aliombwa picha ya lebo ya viungo vya wali wa nazi, akaiandikia programu ya picha kwa Kiswahili safi kabisa: "mama wa pwani anakuna nazi kwa mbuzi, jikoni, asubuhi." Ikaja picha nzuri mno. Mwanga wa asubuhi, kanga yenye rangi zake, nazi mbili chini. Na mama amekaa kwenye kigoda, anamkuna mbuzi mgongoni. Mbuzi mwenyewe, mwenye pembe na ndevu, amefumba macho kwa raha.

Picha ile ipo mpaka leo ukutani ofisini. Lakini kicheko kikiisha ujue imekuambia kitu cha maana. Mashine nyingi za picha zimejifunza zaidi kwa Kiingereza, na Kiswahili chetu zimekiona kidogo tu. Mbuzi ya kukunia nazi haimo kwenye ramani yake. Tuliandika upya kwa kuieleza, "kibao kifupi chenye chuma cha meno kwa mbele", ikatupa kitu kama kiti cha daktari wa meno. Maandishi yana hali nafuu siku hizi, lakini bado utakuta sentensi ambayo kila neno ni la Kiswahili na hakuna Mswahili angeisema. Kuna wanaolifanyia kazi pengo hili. Jacaranda Health wa Kenya walitoa mwaka 2023 UlizaLlama, modeli iliyonolewa kwa Kiswahili, ili kujibu maswali ya akina mama wajawazito. Lelapa AI wa Afrika Kusini wakatoa InkubaLM mwaka 2024, ndogo, yenye Kiswahili kati ya lugha zake tano za Kiafrika. Hizo hazijatengenezwa kwa ajili ya kuandika mabango, lakini ni dalili ya kwamba anayetaka lugha yake ieleweke inabidi ailishe mwenyewe.

Halafu kuna umiliki, ambao watu wa mauzo hawapendi kuuzungumzia. Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikubali kulinda maneno na mpangilio wa kitabu kimoja cha katuni, ikakataa kulinda picha zake zilizotengenezwa kwa Midjourney, programu nyingine ya akili mnemba ya kuchora. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington nayo ikasema kazi inayolindwa lazima iwe na mwandishi binadamu. Hiyo ni sheria ya huko, si ya kwetu, lakini kama unaota kuuza nje, jiulize utamzuiaje anayenakili mchoro wako kama wewe mwenyewe hukuuchora. Na upande wa pili, picha iliyotoka inaweza kuwa imebeba sura ya kazi ya mtu; Getty Images, wauzaji wa picha, walimshtaki Stability AI, watengenezaji wa mashine ya picha, mwaka 2023 kwa madai kwamba picha zao zilitumika kuifundisha mashine bila ruhusa. Adobe waliona mwanya, wakaifundisha Firefly, programu yao ya picha, kwa picha za hazina yao wenyewe na zile zilizoisha muda wa hakimiliki. Kama lazima utumie picha ya mashine kwenye bidhaa, chanzo cha namna hiyo kinakupunguzia kesi.

Zikikaa bega kwa bega

Kwa hela, mawazo ni rahisi kuliko yote: akaunti moja na saa mbili za watu wako. Tangazo linaonekana rahisi mpaka uhesabu marudio. Kijana wetu alitumia siku tatu kutafuta picha ambayo mpiga picha angeimaliza kwa asubuhi moja. Kuchagua hakuna ankara yoyote siku hiyo. Ankara inakuja miezi sita baadaye, katoni zikiwa zimejaa stoo.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni hiki: kosa linaonwa na nani? Kwenye mawazo linaonwa na nyinyi watano, mnacheka, mnafuta. Kwenye kuchagua halionwi na mtu, na ndiyo maana naiogopa nafasi hii kuliko zote. Kwenye tangazo linaonwa na kila mtu, na sikuhizi wanapiga picha ya skrini.

Mwenye hoteli Unguja anayeuza vyumba kwa wageni wa Ulaya, kwa Kiingereza na Kijerumani, anaweza kuruka moja kwa moja kwenye kutengeneza maandishi; lugha hizo mashine inaziweza. Picha za chumba apige za kweli, mgeni atakifikia hichohicho chumba. Benki au kampuni ya simu iliyokalia data za wateja ianze na wanasheria wake, kwa sababu Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina ya Taarifa Binafsi ya 2022, na hakuna wazo tamu linalolipa usumbufu wa huko. Kiwanda kidogo kama chetu, kinachouza kwa Kiswahili kwa watu wanaojua chakula kuliko sisi, kibaki kwenye mawazo kwa miezi mitatu ya kwanza na kisione aibu.

Bosi alipokuja kuulizia tena, tulikuwa tumeshaamua. Aliuliza tangazo litatoka lini. Tukamwonyesha karatasi ya dereva, na orodha ya sababu tano za kufeli iliyotolewa na mashine, na kikombe cha chai cha Bi Mkubwa kisicho na ukwaju. Alikunywa, akaomba kingine. Lebo ya wali wa nazi ipo kwa fundi wiki hii. Picha ya mbuzi tulipiga wenyewe kwa simu, jikoni kwa Bi Mkubwa, asubuhi, na nazi ile ililiwa mchana.